Nilimdanganya Daktari Kuhusu Farasi Wake

Nimekosa, jamani. Naanza na hilo kabla ujasiri haujaniishia. Kuna mtu huko Kosele ambaye leo haamini akili yake mwenyewe, na majirani wote wanasema ni kiharusi kilichomfanya hivyo. Si kiharusi! Kiharusi alikuwa amekishinda. Ni mimi.

Jina langu nitaliacha. Yeye nitamwita Owuor, ambalo si jina lake. Wanaotufahamu watatutambua tu, na wakitutambua, sawa. Nimechoka kujificha.

Mimi nina duka la vipuri vya pikipiki hapa Suna, Migori. Owuor alikuwa daktari katika kituo kidogo cha afya upande wa Homa Bay, wale madaktari ambao hawana mwingine wa kumwachia kazi. Malaria ni yeye, kidonda cha panga ni yeye, mtoto akitetemeka kwa homa ni yeye. Tulisoma shule moja ya bweni, dawati moja. Huko ndiko tulikojifunza kucheza sataranji, mchezo ambao huku kwetu kila mtu anauita chess.

Acha niseme ukweli wote, maana nimeshaanza. Darasani Owuor alikuwa wa kwanza. Mimi nilikuwa wa kuchungulia kwake. Matokeo ya mtihani yalipotoka, yeye alienda chuo, mimi nikaenda kuuza minyororo na mataa ya pikipiki. Lakini kwenye ubao wa chess tulikuwa sawa. Leo ananipiga, kesho nampiga. Hapo tu ndipo nilipojiona mtu mbele yake. Yeye hakuwahi kuliwaza jambo hilo hata siku moja. Ni mimi niliyelibeba moyoni miaka yote.

Tulikuwa tukicheza Jumapili, kwa sababu yeye ni Msabato na Jumamosi haguswi. Nikitoka misa, ama yeye anakuja Suna ama mimi naenda Kosele, na mkewe, Min Stella, yaani mama wa binti yao Stella, anatuwekea samaki na kuon, ugali wetu, kisha anatucheka. "Wanaume wazima mnanyamaziana saa nzima kwa sababu ya vijiti!"

Na mchezo ukiisha hatukuinuka. Tulirudisha kete zote mahali pake, tukaupitia upya tangu mwanzo, tukitafuta ni wapi ulipogeuka. Owuor aliupenda upekuzi huo kuliko hata kushinda. Angeweka kidole juu ya kete na kusema, "Hapa ndipo nilipokufa, omera, ila nilikuwa bado sijajua." Omera ni ndugu yangu, kwa Kijaluo. Ndivyo alivyoniita siku zote.

Tulikuwa na sheria moja katika upekuzi huo. Hakuna uongo. Kama ulisogeza kete bila kujua kwa nini, sema hukujua. Sheria hiyo aliiweka yeye tukiwa bado tunavaa kaptura za shule, na hakuna aliyewahi kuivunja mpaka nilipoivunja mimi.

Kiharusi kilimpata akiwa kazini asubuhi. Kalamu ilimponyoka, akainama kuiokota, mkono ukakataa. Mungu alisaidia, aliwahishwa hospitali kubwa. Nilipoenda kumwona, mdomo ulikuwa umevutwa upande na mkono wa kulia umelala pale kama si wake. Nilitoka nje nikalia, na nilikuwa nalia kweli.

Lakini alipona, jamani. Mdomo ulinyooka. Akaanza kutembea, kwanza na fimbo, kisha bila fimbo. Mkono ulibaki mzito lakini aliweza kushika kikombe. Madaktari wenzake wakamwambia apumzike kidogo kisha arudi kazini. Kila mtu alifurahi isipokuwa yeye.

"Mkono sio shida," aliniambia siku moja, tumekaa kwake Kosele. "Mkono ukikataa naona umekataa. Kichwa je? Kichwa kikiharibika, ni nini kitakachoniambia kimeharibika? Si ni kichwa hicho hicho?"

"Uko sawa wewe," nikamwambia. "Unaongea vizuri kuliko mimi."

"Kuongea hata kasuku anaongea. Mtoto mchanga analetwa, napiga hesabu ya dawa. Nikikosea kidogo tu, nimeua mtoto wa mtu." Kisha akasema, "Tucheze, omera. Mimi siwezi kusafiri bado, tutatumiana kwa simu. Wewe weka ubao wako hapo dukani, mimi nitaweka wangu hapa. Wewe unajua jinsi nilivyokuwa nacheza. Utaniambia kama nimebadilika. Na usinihurumie! Ukinihurumia utakuwa umenidanganya."

Nilimwahidi. Kwa mdomo wangu huu.

Basi nikaweka ubao juu ya kaunta, kando ya makopo ya oili. Yeye anatuma ujumbe, nasogeza kete yake. Nawaza, nasogeza yangu, namtumia. Mchezo mmoja unaweza kuchukua siku kadhaa. Vijana wa bodaboda wanaokuja kununua vipuri wakaanza kuufuatilia. Mmoja wao, Chacha, Mkuria mmoja mwenye maneno, akajifunza mpaka akawa anajua nani anakaribia kufa.

Nikapigwa mchezo wa kwanza.

Nikapigwa wa pili.

Ningefurahi! Mtu mwenye moyo mzuri angefurahi. Rafiki yangu alikuwa ametoka kwenye mlango wa kaburi na kichwa chake kilikuwa kinafanya kazi kuliko changu. Ningempigia simu nimwambie, "Owuor, wewe ni mzima, rudi kazini kesho." Badala yake nilikuwa nawaza watu wanavyonitazama.

"Mzee," Chacha akaniuliza mbele ya wenzake, "huyu si ndiye yule ulisema alipata stroke?"

"Ndiye."

"Na anakupiga hivi? Wueh! Sasa akipona kabisa itakuwaje?"

Vijana walicheka mpaka mmoja akaangusha helmeti. Nami nikacheka nao. Nilikuwa nimengoja miaka yote nimpite Owuor katika kitu kimoja tu. Sasa hata akiwa mgonjwa siwezi? Hata akiwa na mkono mmoja? Shetani hakuhitaji kunisukuma. Nilikwenda mwenyewe.

Mchezo wa tatu ulianza vizuri. Nilijipanga, nikamficha mfalme wangu pembeni nyuma ya askari wake, zile kete ndogo za mbele, nikaona safari hii nimemshika. Kisha Owuor akatuma ujumbe ambao niliusoma mara mbili. Alikuwa amemtoa farasi wake sadaka. Alimpeleka moja kwa moja mbele ya askari wangu, aliwe bure.

Nilidhani amekosea kuandika. Nikamuuliza, "Una hakika?"

Akajibu, "Mle."

Nikamla. Na baada ya kumla ndipo nikaona alichokuwa amekiona yeye. Askari wangu aliyemla farasi alikuwa ameacha mlango wazi. Malkia wake alikuwa anakuja kupitia hapo, na nyuma ya malkia kuna ngome. Nilitazama kushoto, nikatazama kulia. Kila nilichowaza kilikuwa kifo.

"Umekwisha, mzee," Chacha akasema, naye akaenda zake kubeba abiria.

Nilibaki peke yangu na ubao ule. Simu ilikuwa mkononi. Sote tunajua siku hizi kuna programu za simu ambazo hakuna binadamu anayeweza kuzishinda katika chess. Ile yangu nilikuwa nimeipakua zamani ya kujifunzia. Nikajiambia naangalia tu. Naangalia tu nione kama kuna njia, kisha nitacheza yangu.

Mungu wangu, hilo neno "tu"!

Simu ilinionyesha mambo mawili. La kwanza, kwamba ile hatua ya farasi ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote. Hakukuwa na nyingine nzuri kama ile. Mgonjwa wa kiharusi, peke yake, kwa kichwa chake, alikuwa ameona jambo ambalo mimi nisingeliona hata ningepewa mwezi. La pili, kwamba nilikuwa na jibu moja pekee la kujiokoa. Kumtoa mfalme wangu nje.

Kwa asiyejua mchezo huu, mfalme anafichwa. Mfalme akifa mchezo umekwisha, kwa hiyo unamzungushia ukuta na unamwacha hapo. Kumtoa akatembea katikati ya uwanja wakati malkia wa adui anakuja, hakuna mtu wa kiwango chetu anayeweza kufikiria kitu hicho. Lakini simu haiogopi. Simu ilikuwa imehesabu na kuona kwamba huko nje, katikati ya hatari yote, kulikuwa na njia nyembamba ya kupita.

Nilimtoa mfalme. Nikatuma.

Owuor akajibu: "Eh! Umeona nini hapo?"

Nikamjibu, "Cheza."

Kuanzia hapo sikucheza tena mimi. Kila hatua ilikuwa ya simu. Kwa muda alishindana nayo, jamani, mtu wa nyama na damu! Hakuna aliyekuwa mbele. Lakini mashine haichoki, yeye alichoka. Alisogeza ngome mahali ambapo haikufaa, kosa dogo ambalo mimi nisingelitumia kamwe, na simu ikalishika hilo, ikamkaba polepole mpaka hakuwa na pa kwenda.

Ujumbe wake wa mwisho bado niko nao. "Nimeshindwa. Umecheza vizuri sana, omera, sijawahi kuona ukicheza hivi. Njoo Jumapili tuupitie."

Hakunishuku. Hata kidogo! Alifurahi kwa ajili yangu.

Chacha aliponikuta nimeshinda alininunulia soda. Vijana wakanipa mikono. Niliinywa ile soda.

Jumapili nilienda Kosele. Njiani nilijiambia nitamweleza, nitafanya iwe mzaha, nitasema, "Bwana, nilikuchezea simu, nipige kofi yaishe." Na yangeisha! Ninamjua Owuor. Angenicheka mwaka mzima na yangeisha hapo.

Nilimkuta ameshapanga kete. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala mapajani, anatumia wa kushoto. Macho mekundu. Min Stella alinimiminia chai na kuninong'oneza, "Shemeji, huyu hajalala vizuri. Ni huo ubao tu. Mwambie apumzike."

"Nimeupekua mchezo huu peke yangu," Owuor akaanza hata kabla sijaonja chai, "sioni nilipokosea. Ngome, sawa, ngome niliiweka vibaya, lakini wakati huo nilikuwa tayari nimebanwa. Mchezo uligeuka kabla ya hapo. Uligeukia wapi?"

Tukauanza. Hatua kwa hatua, kama zamani. Tukafika kwa farasi. Akamweka pale mbele ya askari wangu, nikamla. Akauondoa mkono ubaoni.

"Haya. Mfalme. Uliona nini ukamtoa?"

Ningesemaje? Hatua haikuwa yangu. Nikakuna shingo. "Niliona tu... kwamba huku ni salama."

"Salama vipi? Malkia wangu akija hapa?"

"Akija hapo..."

Nikatazama ubao kama mwanafunzi ambaye hajasoma. Na unajua nini kilitokea? Yeye ndiye aliyenisaidia! Aliinama, akafikiri, kisha akasema polepole, "Ahaa. Malkia akija hapa, askofu wako anafunga njia, halafu ngome yangu inabaki bila mlinzi. Ndivyo ulivyoona?"

"Ndiyo," nikasema. "Ndivyo hivyo."

"Yawa! Uliona mbali hivyo?" Akanitazama kwa heshima ambayo sijawahi kuiona machoni mwake. Miaka yote nilikuwa nikiitamani hiyo heshima, na ilipokuja nilitaka ardhi inimeze.

Kisha akauliza swali lililoniangamiza.

"Basi ni farasi. Kama wewe ulikuwa na jibu, basi farasi wangu alikuwa kosa. Niambie ukweli, omera. Kumtoa farasi kulikuwa kosa?"

Jibu nilikuwa nalijua. Nililiona kwenye kioo cha simu kwa macho yangu. Halikuwa kosa. Ilikuwa hatua nzuri kuliko zote tulizowahi kucheza sisi wawili tangu shuleni. Lakini nikisema hivyo atauliza, sasa wewe ulilipataje jibu pekee lililokuwepo? Na hapo nimekamatika.

Nikajiokoa. Nikamtupa yeye.

"Ilikuwa kosa," nikasema. "Ulimtoa bila hesabu. Ulirukia tu." Na kama vile hiyo haikutosha, nikaongeza, nikijifanya napima maneno, "Zamani usingefanya hivyo."

Zamani usingefanya hivyo! Ni nani aliyeniwekea maneno hayo mdomoni? Hakuna. Niliyatunga mwenyewe, nikayatoa kwa sauti ya huruma.

Owuor alimchukua yule farasi kwa mkono wa kushoto, akamtazama, akamweka chini kando ya ubao.

"Zamani nisingefanya," akarudia. Alitikisa kichwa kama mtu aliyepokea majibu ya maabara aliyokuwa akiyangoja. "Na unajua kinachonitisha? Nilikuwa na uhakika. Nilipomtoa, nilikuwa na uhakika kabisa. Hata leo nikitazama naona ni sawa. Kumbe sioni." Akanigusa bega. "Asante. Mwingine angenihurumia. Wewe umeniambia ukweli."

Nilikula chakula chake baada ya hapo. Nikarudi Suna.

Baada ya wiki chache akanipigia simu nikiwa dukani. Sauti ilikuwa tulivu. Alisema amewaandikia wakubwa wake, ameomba kustaafu mapema kwa sababu ya afya, na wamemkubalia.

"Lakini si walisema uko sawa?" nikamuuliza.

"Wao walipima mkono na mguu na presha. Wewe ndiye uliyepima kichwa."

Jamani, hapo! Hapo ndipo mlango wa mwisho ulipofunguka. Barua ilikuwa mbichi, ningemwambia aikimbilie airudishe. Nilikuwa nimesimama pale, nimeshika simu, nasikia anavyopumua. Akaja mteja akaniuliza bei ya mnyororo.

"Nitakupigia baadaye," nikamwambia Owuor.

Nikauza mnyororo. Sikumpigia.

Sasa nikiupekua mchezo wenyewe, ule wetu wa maisha, hakuna haja ya mashine. Kuichukua simu kulikuwa kosa, lakini lilikuwa la kurekebishika. Ule uongo juu ya farasi ulikuwa mbaya zaidi, lakini hata huo, siku ile ya simu, ulikuwa bado unaweza kuondolewa. Kilichomaliza kila kitu ni ule mnyororo. Nilikuwa na nafasi nikaamua kufanya biashara.

Hatukucheza tena. Nikimtumia ujumbe wa kuanza mchezo mpya anajibu, "Siku nyingine." Nikipiga simu tunaongea habari za mvua. Miezi ikapita, nami nikazoea. Hilo nalo nalikiri, kwamba nilizoea.

Kisha nikapeleka vipuri kwa fundi mmoja Kosele, siku ya soko. Nikamkuta Min Stella kwenye kibanda chake cha vitenge. Alikuwa amekonda. Tulisalimiana, na kabla sijauliza chochote, mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akapita akamwuliza Daktari atarudi lini.

"Harudi, dada," Min Stella akamwambia.

"Yaye! Yule wa sasa yuko siku mbili tu kwa wiki. Jana nimepanda pikipiki mpaka Oyugis na mtoto anachemka hivi." Akaenda zake akilalamika.

Nikamwuliza Min Stella Owuor anaendeleaje. Alikunja kitenge, akakikunjua, akakikunja tena.

"Shemeji, huyo mtu simwelewi tena. Akipima sukari ya chai ananiita nije nihakikishe. Akifunga mlango anarudi kuuangalia, akirudi ananituma mimi niuangalie. Stella alimletea hesabu za shule amsaidie, akamwambia amwulize mwalimu. Yeye, ambaye alikuwa anapenda hesabu kuliko ugali! Nikimwambia yuko sawa anasema mimi ni mke, namhurumia. Anasema rafiki yake alimwambia ukweli." Akanitazama. "Mlicheza mchezo gani ninyi?"

Nilikaa juu ya gunia la mtu, nikamwomba afunge kibanda twende nyumbani.

Owuor alikuwa sebuleni anasikiliza redio. Nilimwambia nikiwa bado mlangoni, maana nilijua nikikaa nitanyamaza tena. Nikamwambia yote. Simu, mfalme, vijana wa bodaboda, soda. Nikamwambia farasi hakuwa kosa. "Ilikuwa hatua bora, Owuor. Hata mashine ilisema. Nilikudanganya ili nisiaibike."

Alizima redio. Kisha akasema, "Leta ubao."

Min Stella aliuleta. Aliupanga mwenyewe, kete moja baada ya nyingine, bila kuangalia popote, kutoka kichwani tu, baada ya miezi yote hiyo! Kila kete ilikaa mahali pake. Akamweka farasi mbele ya askari wangu.

"Bila simu, ungefanya nini?"

Nilimla farasi, kisha nikasogeza ngome kumlinda mfalme, kama ambavyo ningefanya siku ile. Mkono wake wa kushoto haukusita. Malkia. Nikakimbia. Ngome. Nikakimbia tena. Malkia tena. Nilikuwa nimekufa.

Alitabasamu. Naapa alitabasamu, uso ule wa zamani kabisa. "Niliiona hii. Yote hii niliiona."

"Uliiona, omera. Ulikuwa sawa."

"Nilikuwa sawa," akasema. Kisha lile tabasamu likaondoka, nami nikaliona likiondoka. "Siku ile nilikuwa sawa. Ningekuwa kazini sasa."

Nikaanza kubwabwaja kwamba tutaandika barua nyingine, nitaenda mwenyewe kwa wakubwa wake, nitawaeleza. Akainua mkono ule mzito, nusu tu, kuninyamazisha.

"Nafasi wamempa mtu. Na hata ingekuwepo, ningeingia pale na kichwa gani? Nimekaa hapa nikijifunza kujishuku. Asubuhi mpaka jioni. Unajua mimi nikijifunza kitu nakijua." Akausogeza ubao kando. "Kiharusi hakikunifanyia hivyo. Nilikuogopa wewe unihurumie. Sikuwahi kufikiria nikuogope kwa lingine."

Nilipiga magoti. Min Stella alikuwa amesimama karibu na kabati, hakulia wala hakupiga kelele. Alifungua mlango wa mbele akauacha wazi, akarudi kusimama pale pale.

"Dhi dala," Owuor akaniambia. Nenda nyumbani. Hakuniita omera.

Nimempigia mara nyingi tangu siku hiyo. Simu anapokea Min Stella. Ananisalimu vizuri, ananiuliza watu wa nyumbani, kisha anasema mumewe amepumzika. Nasikia kwa wengine kwamba bado anamwita mkewe aje aangalie mlango. Kujua kwamba alikuwa sawa hakukumponya. Nilidhani ukweli ukitoka kila kitu kitarudi, kumbe ukweli ulikuwa na saa yake.

Vijana wa bodaboda pia niliwaeleza. Chacha alianza kucheka, "Kumbe ni simu ilishinda!" Kisha akaona uso wangu, akaacha. Akasema, "Mzee, sisi ndio tulikucheka. Basi na sisi tumo." Nikamkatalia. Kuchekwa hakuui mtu. Nilikuwa na haki ya kuchekwa, nami nikaikataa.

Ninyi mnaosoma, nawaomba. Ukipigwa, kubali umepigwa, hata kama aliyekupiga ni mgonjwa, ni mdogo, ni yule uliyesoma naye ukamwonea wivu maisha yote. Aibu ya kushindwa inaisha jioni ile ile. Na ukishadanganya, usijidanganye na wewe kwamba utasahihisha baadaye. Mimi nilisema baadaye.

Zaidi ya yote hayo, chunga sana mtu anapokuja kwako ukiwa wewe ndiye pekee anayemwamini, akakuuliza, "Nilikosea wapi?" Ukijua hakukosea, mwambie hakukosea. Mwambie pale pale, hata kama jibu hilo litakuvua nguo mbele yake. Kwa sababu wewe utainuka, utakula, utarudi dukani kwako. Yeye atabaki na jibu lako, na ataliamini.